Kimashine cha babu: nani alikitengeneza?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mafinga. Juzi tunasafisha stoo ya babu, zamani alikuwa na duka kule Chunya, tukakuta kimashine cha kuweka juu ya kaunta, bodi ya chuma, kina mkono pembeni, tundu la sarafu na magurudumu matatu yenye picha za pakti za sigara. Jina la kampuni hamna. Mjomba anataka tukipige msasa na rangi tukiuze. Nitajuaje kimetengenezwa na nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Mwambie mjomba aweke huo msasa chini leo leo, namwomba sana. Niliwahi kuletewa kimoja hapa Mwanjelwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa, nikaangalia chini kwa tochi nikakuta zimebaki herufi "CHICA" tu, jina lote limeondoka na msasa, roho iliniuma.

Hizo picha za sigara tayari zinatusaidia. Miaka ya 1930 huko Chicago, Marekani, vimashine hivi viliwekwa madukani, mteja anatumbukiza senti anavuta mkono, picha zikipangana anapewa pakti za sigara badala ya hela, maana hela taslimu ingeitwa kamari na polisi wangekuja. Kwa hiyo siyo kama dubwi za sasa hivi zinazotema sarafu. Waliovitengeneza sana vya sigara ni Groetchen, wenye Ginger na Mercury, na Daval wenye Penny Pack, wote wa Chicago. Na hapo ndo watu wanapokosea, wanasoma neno la mbele wanadhani ni kampuni kumbe ni jina la mchezo tu.

Sasa geuza kimashine taratibu, fungua mlango wa nyuma, pitisha tochi ya simu ukiilaza ubavuni ili herufi zilizogongwa zitoe kivuli, angalia kitako, ndani ya mlango na kwenye fremu inayoshika magurudumu. Ukikuta namba ya patenti ya Marekani, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, iandike yote, maana patenti namba milioni mbili ilitoka 1935, yaani namba ikizidi hapo kimashine hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo. Kikaratasi cha zawadi cha mbele usikiamini sana, hicho watu wanachapa upya, ila mtambo wa ndani haudanganyi.

Halafu pima tundu la sarafu kwa rula. Senti ya Marekani ina upana wa milimita 19, peni ya zamani ya Uingereza karibu 31, na ile senti kumi yetu ya tundu ya enzi za mkoloni inakaribiana sana na hiyo peni. Kama tundu ni pana na kingo zina mikwaruzo ya tupa, basi kuna fundi alilipanua ili lipokee hela za huku, na mi hiyo alama ningeiacha hivyo hivyo, ni historia ya duka la babu yako.

Nitumie picha za ndani, za mbele baadaye. Na mkono msiuvute kwanza, grisi ya miaka hiyo inaganda kama gundi, ukilazimisha meno ya gia yanakatika na spea hupati.