Saiti ya programu yetu imezeeka: tuivunje ao tuitengeneze?

SWALI: Yaya, salama? Niko Kadutu, tuko watu watatu tunachunga programu ya opensosi ya kuandika vitabu vya AVEC, ile michango ya kina mama ya akiba na mikopo. Kodi, yaani maandishi ya programu, iko wazi ku GitHub (saiti yenye watu wanawekea kodi) tangu 2021. Saiti yake ilitengenezwa na mwenzetu mumoja na Jekyll (programu yenye inageuza maandishi kuwa kurasa za saiti), iko ku GitHub Pages (pahali GitHub inahifadhi saiti), domeni, yaani jina la anwani, ni ya .org, naye alisafiri. Sasa saiti imekuwa aibu: simu zingine zinasema haiko salama, ukurasa wa kusakinisha unaongelea vesheni 1.2 na sisi tuko ku 3.0, inafunguka pole pole sana, tena Kiswahili chake kiko nusu. Mwenzangu anataka tuvunje yote tujenge na kitu cha kisasa. Unasema aje? Na tufanye nini ili isizeeke tena? Nakutumia anwani uangalie.

JIBU: Mudogo wangu, salama, na pole. Musivunje. Nimesha kuona miradi kama yenu hapa Bukavu, watu wanakaa miezi sita wanajenga mupya, mupya haitoki, na ile ya zamani hakuna mwenye anaigusa juu eti mupya inakuja, mwisho mutu anayetafuta programu anakuta vitu viwili vibovu. Tena soma malalamiko yako wewe mwenyewe: onyo la usalama, vesheni ya zamani, uzito, Kiswahili nusu. Hakuna hata moja mu hizo nne inayotoka kwa Jekyll. Mukihama mutahama nazo.

Kitu chenye kiliniogopesha mu barua yako ni maneno mawili uliyoandika kama mutu anayepita njia: "naye alisafiri". Domeni iko kwa jina la nani? Ujumbe wa kusema inaisha unaenda ku emaili ya nani? Mimi hii ilinipata. Kulikuwa programu ndogo tulikuwa tunachunga, domeni ilinunuliwa na mumoja wetu kwa kadi ya banki ya shemeji yake, na emaili ya shule. Akamaliza shule, emaili ikafungwa, kadi nayo ikaisha muda, kumbe ujumbe wa kukumbusha unakuja kila wiki na hakuna mwenye anausoma. Asubuhi moja mama mumoja ananipigia: "Mutoto wangu, mbona saiti yenu inaniambia nibeti mupira?" Mutu alisha kuichukua. Hatukuirudisha, na karatasi za mafunzo zenye ile anwani ziko mpaka leo mu mafarde ya watu.

Ku .org na .com mambo yanaenda hivi: siku ya mwisho ikipita, muuzaji wa domeni anaweza kukuachia muda wa kulipa bei ya kawaida, unaweza kufika siku 45 lakini kila muuzaji na yake, wengine hawangoji hivyo. Akiisha kuifuta inaingia siku 30 za kukomboa, bado ni yako ila bei inapanda vibaya, kisha siku 5 za mwisho hakuna kitu unaweza kufanya, kisha ni ya mwenye atawahi, na kuko mashine zenye kazi yao ni kuvizia ile dakika tu. Andika whois (amri ya kuuliza habari za domeni) na jina la domeni mu terminali, lile dirisha la kuandikia amri, utaona tarehe ya kuisha. Kama iko mbali muko na bahati, muihamishe ku akaunti ya mradi, emaili ya mradi, watu wawili wakiwa na funguo, si mumoja. Na mukipata pesa mulipe miaka mingi kwa mara moja, .org inakubali mpaka 10. Ku GitHub vilevile, ile akaunti ya kundi iwe na wenyewe wawili hata watatu, juu mutu anaweza kupoteza simu, anaweza kugonjwa, anaweza tu kuchoka na nyinyi.

Najua utaniambia habari ya kadi. Hapa kwetu wengi tunalipa kwa simu na wauzaji wengi wa inje hawataki, njo maana tunaenda kwa shemeji. Haina shida, kadi ya shemeji ilipe, lakini jina na emaili viwe vya mradi. Na kama kuko mwenye atakushauri muchukue .cd juu ni ya nchi yetu, ni kweli ni yetu, iko tangu 1997, ilishika nafasi ya .zr ya wakati wa Zaire, lakini kubadilisha anwani leo ni kuongeza shida juu ya shida. Mubaki na .org.

Sasa ile ya "haiko salama". Umesema simu zingine, haukusema zote, na hapo ndani njo kuko jibu. Sertifika, ile hati yenye inahakikishia simu kwamba saiti ni ya kweli, ingekuwa imeisha, simu zote zingelia na laptopu pia. GitHub Pages inawapa sertifika ya Let's Encrypt (wenye kutoa sertifika) bure na kuifanya upya yenyewe kabla ya siku zake 90 kuisha, na nimeiangalia, iko muzima. Chukua ile simu inayolalamika, ingia mu mipangilio, angalia mambo mawili. Kwanza saa na tarehe. Usinicheke, simu yenye betri ilizimika kabisa inaweza kuamka inafikiri tuko 2015, na kwake sertifika yenu bado haijazaliwa. Pili angalia ni Android ngapi. Zile za chini ya 7.1.1 hazijui muzizi wa Let's Encrypt, yaani sertifika ya juu yenye zingine zote zinaitegemea. Kulikuwa sertifika ya zamani yenye ilizibeba kama daraja, ikaisha tarehe 30 mwezi wa 9, 2024, tangu hapo zinapiga kelele. Hapo kosa haliko lenu. Mwenye simu kama hiyo mumwambie atumie Firefox, hata ya zamani kidogo yenye inakubali kuingia mule, juu yenyewe inatembea na orodha yake ya mizizi, haiulizi simu. Muandike mistari mitatu juu ya hiyo, kina mama wengi wa AVEC wanashika simu za namna ile. Na siku mukihama GitHub mukaenda ku seva yenu, mukumbuke Let's Encrypt iliacha kutuma emaili za kukumbusha tangu mwezi wa 6, 2025, kwa hiyo munapaswa kuweka kitu chenu cha kuangalia tarehe.

Uzito: anwani uliyonitumia niliifungua mu simu ya dada mumoja anayeuza unga pale Nyawera, simu ndogo, kioo kimepasuka pembeni, mega anazinunua za siku moja. Tukangoja. Akahudumia muteja, akarudisha chenji, akarudi, ukurasa bado uko mweupe juu na nusu ya picha inashuka kama pazia. Nilipofika nyumbani nikapima: ukurasa wa kwanza uko na mega 7 na kitu, na 5.8 ni ile picha yenu munacheka mbele ya ziwa. Picha muzuri, lakini iko na pikseli 4032 kwa upana na munaionyesha ku nafasi ya 300! Yaani yule dada amelipia ziwa nzima ili aone kikombe. Niliipunguza mpaka 600 nikaigeuza WebP (namna nyepesi ya kuhifadhi picha), ikabaki kilobaiti 41, na ku kioo cha simu siwezi kusema ipi ni ipi. Fanyeni hivyo ku picha zote, muandike na vipimo vyake mu HTML, yale maandishi yenye yanajenga ukurasa, upana na urefu, ili maandishi yasiruke ruke wakati picha inaingia, na picha za chini muziwekee loading="lazy" zingoje mutu ashuke. Ile slaidi ya picha tano yenye inazunguka yenyewe muitoe, hakuna mwenye anaingoja.

Na kuko kitu kingine niliona nilipofungua chanzo cha ukurasa, hiki mukitoe leo hata kabla ya picha: kuko mustari unaoita cdn.polyfill.io. Zamani ilikuwa kitu cha kusaidia brauza za zamani, saiti nyingi za miaka ile ziko nayo. Mwanzo wa 2024 ile domeni iliuzwa, na mwezi wa 6 wakagundua inaingiza kodi mubaya mu saiti zaidi ya 100,000, mutu anafungua saiti ya kawaida anatupwa ku saiti za kubeti. Wenye saiti hawakufanya kosa lolote siku ile, kosa walilifanya siku waliacha mulango wazi kwa mutu wasiyemujua. Brauza za leo haziihitaji tena. Mukiisha kuitoa mupitie kila mustari unaoita kitu cha inje, herufi, vibonyezo, hesabu ya wageni, muulize: tuko nacho juu ya nini? Chenye muko nacho haja mukishushe mukiweke ku ripo yenu, ile folda ya mradi ku GitHub. Yule mwenzenu wa "kisasa" mumupe hii kazi, itamupendeza.

Ukurasa wa kusakinisha njo saiti yenyewe, mengine ni mapambo. Mutu anakuja juu ya kitu kimoja, apate programu iingie mu mashine yake. Chukua mutu mwenye hajawahi kuiona, mukae naye, usiseme neno, umuache afuate maandishi. Utaumia. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo kijana alikwama ku mustari wa pili, juu tuliandika "fungua folda ya mradi" bila kumwambia aipate wapi, na sisi tulikuwa tumeusoma mara mia bila kuona. Andika pale alikwama, sahihisha, tafuta mutu mwingine.

Kisha ile namba ya vesheni. Najua vile ilitokea: 1.2 iliandikwa kwa mukono mu kurasa nane, 2.0 ikatoka mukabadilisha tatu, mukasahau tano, 3.0 ikatoka mukachoka. Muiandike pahali pamoja tu, mu _config.yml, faili ya mipangilio ya Jekyll, na kurasa zingine ziiite kutoka pale. Mujiwekee sheria kwamba vesheni haijatoka mpaka ukurasa wa kusakinisha ubadilike, na mwenye kutoa vesheni njo mwenye kugusa ukurasa, siku ile ile. Mukisema "mutu wa saiti atafanya", mutu wa saiti tunajua alipo, alisafiri.

Maelezo ya 1.2 musiyafute. Kuko vikundi mu vijiji vyenye bado viko nayo na havina sababu ya kubadilisha. Muyaache ku anwani yao, muweke tu juu kabisa kibandiko: hii ni ya zamani, mupya iko hapa. Na anwani zenyewe musizichezee, Tim Berners-Lee mwenyewe aliliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki, tena zenu zimechapishwa ku karatasi. Kama muko na lazima ya kuhamisha ukurasa, GitHub Pages haiwaachi muweke zile 301 za ku seva, zenye zinasema ukurasa umehama, lakini kuko kiongezo cha Jekyll kinaitwa jekyll-redirect-from, kinaacha ukurasa mudogo pale pa zamani unaomusukuma mutu pa mupya. Inatosha.

Linki zilizokufa usizitafute kwa macho. Kuko programu inaitwa lychee, inapita kurasa zote na kukuonyesha zenye zimevunjika, muiweke ku GitHub Actions (pahali GitHub inaendesha kazi zenyewe kwa ratiba) ijiendeshe mara moja kwa mwezi. Ila muangalie mutego: ripo ya wazi ikikaa siku 60 bila kuguswa, GitHub inazima kazi zote za ratiba. Yaani mulinzi analala wakati ule ule nyumba iko tupu. Kwa hiyo mutu mumoja aweke mu kalenda ya simu yake, mwanzo wa mwezi, dakika ishirini, aingie aone.

Kiswahili. Hapa tutabishana kidogo, juu naona mulitaka kutafsiri yote, kurasa 34, mukaishia ku 15, na zile 15 nusu zinasema uongo leo. Mubakishe tatu: kusakinisha, kuandika mukutano wa kwanza, na makosa ya kila siku. Hizo tatu ziwe za kweli sawa na za Kifaransa, na juu ya kila moja muandike ilitafsiriwa kutoka vesheni gani. Zingine muzitoe, anwani zake zipeleke ku Kifaransa, afazali mutu asome Kifaransa cha kweli kuliko Kiswahili chenye kinampoteza. Na ku HTML yenu nimeona kurasa zote zimeandikwa lang="fr", hata za Kiswahili, ndiyo maana simu inayosomea mutu asiyeona inazisoma na mudomo wa Paris. Muandike lang="sw". Kuko na alama ya Kiswahili cha Kongo pekee, swc, ni ya kweli na inanifurahisha, lakini sauti nyingi za simu zinajua sw tu.

Jekyll yenyewe muiache, ila muhakikishe Gemfile.lock, faili yenye inashika vesheni za vitu Jekyll inavihitaji, iko mu ripo, juu bila ile siku moja mutajaribu kujenga saiti ku mashine mupya na itakataa.

Yule aliyesafiri mumupigie leo, musimutumie emaili, mupige. Ukiisha kuona tarehe ya whois niandikie, na kama usiku umeme uko Kadutu nitakuongoza kuhamisha, inachukua kama saa moja akiwa ku laini.