Kukatwa pesa za glavu kiwanda cha chumvi

Dada, umeniuliza kuhusu mumeo anayefanya kazi kiwanda cha chumvi kule Gongoni, Kilifi; kukatwa mshahara ati ni pesa za glavu na buti, hiyo ni makosa kabisa. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mfanyikazi hatozwi chochote kwa vifaa vya kumkinga, tajiri ndiye ananunua, na hata akiwa kibarua wa siku bado inamhusu.

Hayo masikio yake uliyosema yanavuma akirudi usiku ndiyo yamenitia wasiwasi zaidi, manake kelele za mashine ya kusaga huua masikio polepole bila maumivu na yakishakufa hayarudi. Kanuni za kelele za 2005 zinataka isizidi desibeli 90 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 8, sasa kama wakiwa hatua moja mbali inabidi wapige ukelele ndio wasikizane, ujue hapo iko juu. Aitishe apimwe masikio na daktari wa afya ya kazini, na gharama ni ya kampuni. Asingoje mpaka aanze kuongeza sauti ya tivii tafadhali.

Macho yake kuwasha nayo huenda ni vumbi la chumvi na lile jua linavyopiga kwa mabwawa, miwani ya kufunika pande zote inasaidia sana.

Wakiwa wafanyikazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, aulize mjumbe wao ni nani, wakimpiga chenga apeleke malalamiko idara ya usalama na afya kazini, na aweke payslip zote zenye makato.