Kabla hamjafungua galari, kagueni paa

Kijana mmoja kaniuliza juzi: yeye na wenzake wanne wamepata fremu ya duka, wanataka iwe galari yao wenyewe, mahali pa kuonyesha na kuuza kazi zao za sanaa, waanzie wapi? Nikamwambia waanzie kwenye daftari. Akacheka.

Mimi nililianika daftari la galari yetu juani, ukurasa mmoja mmoja. Wino wa bluu ulikuwa umetapakaa, majina na bei vimekuwa wingu moja. Bati lilivuja tangu vuli, nasi wasanii sita tulikuwa tunabishania rangi ya kuta. Ukafuata ugomvi: mwenzetu anadai aliacha picha nne, sisi tunaziona tatu. Karatasi hakuna. Akabeba tatu zake akaondoka, na mpaka leo tukikutana msibani tunasalimiana kwa kichwa tu.

Kwa hiyo kazi ikiingia, ipigeni picha mbele na nyuma, andikeni saizi, bei na fungu la galari ikiuzwa, msanii atie sahihi. Nakala ikae nyumbani kwa mmoja wenu, siyo humo humo. Hapo naikumbuka Paa ya Paa, galari ya Nairobi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, aliianzisha mwaka 1965 na wenzake, waandishi wakiwemo. Jina ni mchezo wa maneno: paa, yule mnyama, anapaa. (Mimi nikilisikia nawaza bati, mnajua kwa nini.) Baadaye ikahamia Ridgeways, upande wa barabara ya Kiambu, na mwaka 1997 moto ukateketeza kazi na kumbukumbu nyingi mno. Miaka 32 ya watu!

Lakini haikufa. Nadhani ni kwa sababu haikuwa duka la picha tu. Wachoraji, washairi na watu wa maigizo walipafanya kwao.

Sisi tulilijua hilo kwa bahati. Jumamosi tulikuwa tunawapa watoto wa mtaani mkaa na kalenda za zamani wachore upande wa nyuma. Mama zao wakija kuwachukua wanasimama mlangoni, wanauliza huyu ng'ombe mbona wa kijani. Hawakununua hata moja. Ila mwenye nyumba alipotaka kututoa ampangishe mwenye baa, mjumbe na mama ntilie wa jirani ndio waliokwenda kumsemesha, tukaongezewa mwaka.

Kodi ya miezi sita mbele itawauma, changeni. Msiguse fungu la msanii hata kwa "kesho tutarudisha". Tuliwahi kugusa, na sitaki kulieleza.

Jana kijana kanitumia picha ya fremu yao. Kuta nyeupe, safi kabisa. Nikaikuza pembeni juu: kwenye dari pana doa la rangi ya chai, upana wa sinia. Nimemjibu wamtafute fundi bati kwanza, rangi baadaye.