Nondo zinazochomoza juu ya nguzo si ushahidi wa msingi wa ghorofa

Usimwage slabu hiyo, yaani sakafu ya zege ya ghorofa unayotaka kuongeza. Umeeleza kwamba umenunua nyumba ya chini Tabata Segerea, kwamba juu ya nguzo zake kuna nondo zilizoachwa zikichomoza, kwamba fundi wako amezitazama na kukuhakikishia kuwa msingi ni wa ghorofa, na kwamba mirunda ya kutegemezea slabu inashushwa saiti Jumatatu. Kisha ukauliza kama ngazi ya nje ni nafuu kuliko ya ndani na bati la geji gani linafaa. Nimesoma ujumbe wako mara mbili nikitafuta mahali uliposema kuwa kuna mtu amefukua msingi akauona kwa macho yake, na mahali hapo hapapo.

Nondo hizo zinathibitisha jambo moja tu, kwamba mwenye nyumba wa kwanza alitamani ghorofa. Kuziacha ni kazi ya bei ndogo, kwa kuwa ni kipande kifupi cha chuma juu ya kila nguzo, ilhali kinachobeba ghorofa kiko ardhini na ndicho kinachomeza fedha: besi ya nguzo, yaani kitako cha zege chenye wavu wa nondo, ambacho upana wake hukokotolewa kwa uzito utakaoshuka na kwa uwezo wa udongo wa mahali hapo. Uzito wa slabu hupokelewa na bimu, yaani mihimili ya zege iliyolala, bimu huupeleka kwenye nguzo, nguzo huushusha kwenye besi, na besi huutawanya kwenye udongo. Kimoja kikikosekana, uimara wa vingine haukusaidii. Zege lenye nondo lina takriban tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, hivyo slabu ya unene wa milimita 150 yenye mita 10 kwa 12 ina tani 45, sawa na malori matatu ya tani 15 yaliyoegeshwa juu ya sebule yako, kabla hujaweka tofali hata moja, plasta, vigae, matangi ya maji, wala wakwe watakaokuja kuiona.

Nyumba yangu ilikuwa Kinyerezi. Nondo zilikuwepo, nzuri kabisa, zimefungwa mifuko ya nailoni zisipate kutu, na dalali aliyeniuzia alinizungusha kuzionyesha moja baada ya nyingine. Fundi niliyempata alizigonga kwa nyundo, akatega sikio, akaridhika, akatamka kwamba hapo hata ghorofa tatu zinakaa. Mpaka leo sijui nondo ilimwambia nini. Alikuwa na mwenzake aliyejitambulisha kuwa injinia, mwenye kofia nyeupe na futi mpya, ambaye alichora ramani nzima nyuma ya mfuko wa saruji. Nilipomwomba namba yake ya usajili alijibu kuwa mhandisi wa kweli hujulikana kwa kazi zake, na mimi, mtu mzima niliyesoma, nikaona jibu hilo lina hekima.

Slabu ikamwagwa, tukachinja kuku. Kuta za juu zilipofika usawa wa lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ukuta wa chini karibu na nguzo ya kona ulitoa ufa wa mshazari kuanzia pembe ya dirisha, na mlango wa choo ukagoma kufungika. Fundi akasema ni plasta inakauka. Ufa ulipokata tofali na kutokea upande wa pili wa ukuta, akasema nyumba inatulia mahali pake. Kwa kipindi kile nadhani nilikuwa mkazi pekee wa Kinyerezi mwenye nyumba ya ghorofa na choo cha pazia. Mhandisi aliyesajiliwa, nilipomwita hatimaye, hakuzitazama nondo hata kidogo; aliwatoa watu wote ndani, akaagiza slabu itegemezwe upya kwa mirunda, kisha akachimbisha pembeni ya nguzo, na hapo tukaona kwamba nguzo iliishia juu ya msingi wa tofali wa nyumba ya kawaida, bila besi, bila wavu wa nondo, bila chochote.

Ghorofa ilibomolewa. Slabu haiangushwi kwa mkupuo ukitaka nyumba ya chini ibaki. Huvunjwa kwa vipande kuanzia juu huku imetegemezwa, kwa hiyo unawalipa mafundi wavunje ulichowalipa mafundi wajenge, kisha unalipa lori libebe kifusi. Fedha zile zingenipatia kiwanja Kigamboni. Fundi alibadilisha namba ya simu, na yule wa kofia nyeupe nimesikia yuko saiti nyingine Goba, pengine na mfuko mwingine wa saruji, jambo ambalo limeniondolea upole wote.

Fukua msingi kabla ya kununua chochote. Chimba upande mmoja tu wa nguzo mpaka uone besi inaishia wapi, usiingie chini yake, fukia na kushindilia kabla ya kuhamia nguzo nyingine, na usifanye hivyo masika maji yakiwa yamejaa. Sisemi hivi kwa kutia chumvi: jengo lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mashuhuda walieleza kuwa kazi ya kupanua sehemu yake ya chini ilikuwa ikiendelea. Msimamizi awe mhandisi ambaye jina lake limo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambaye atapima upana na kina cha besi, atakagua udongo, nondo za nguzo na ugumu wa zege lililopo, ndipo akokotoe. Besi zikiwa ndogo huweza kupanuliwa, au zikaongezwa nguzo mpya zenye besi zake, na michoro hiyo ndiyo utakayoipeleka Halmashauri ya Jiji kuombea kibali, maana kibali cha nyumba ya chini hakigeuki kuwa cha ghorofa kwa sababu ya vyuma vilivyosimama juu ya lenta.

Wala usinijibu kwamba ghorofa moja si kitu. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, kwa taarifa za wakati ule, lilikuwa na kibali cha ghorofa 10. Tarehe 24 Aprili mwaka huohuo likaanguka Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka nchini Bangladesh, jengo ambalo nalo lilikuwa limeongezewa ghorofa bila kibali, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, watu wakatolewa, na kesho yake wafanyakazi wakaamriwa kurudi ndani. Kila nikisoma habari hiyo namsikia fundi wangu akisema plasta inakauka.

Mpigie fundi wako leo, mirunda isishushwe. Akidai kwamba kufukua kutaharibu jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, mwambie gharama ya kulirudishia ni yako. Akiendelea kugoma, mpe nauli aende zake. Ukishafukua, weka hapa picha za besi zikiwa na futi pembeni. Picha za nondo usituletee.