DT ya zamani: kabla ya kununua pistoni mpya, tafuta nani aliiua ya kwanza

Nina pikipiki ya Yamaha DT 125 niliyoikuta imelala kwenye banda la kuku, nje kidogo ya mji wa Iringa. Leo inapanda milima ya Kilolo bila kuniaibisha. Ila kabla ya kufika hapo niliiua mara moja kwa mikono yangu mwenyewe, siku chache tu baada ya kuifungua na kuifunga upya. Hela iliyoteketea siku ile ndiyo inayoniandikisha haya.

Kwa vijana waliokulia kwenye bodaboda za Kichina na Kihindi, injini hii si kama zenu. Ni ya mipigo miwili: pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu, moto umeshawaka. Petroli na hewa hupita kwanza tumboni mwa injini, kwenye kranki, ndipo hupanda juu ya pistoni. Oili ya 2T husafiri humo humo na petroli, inalainisha beringi na silinda, kisha inaungua na kutoka moshi. Hairudi. Gia na klachi zina oili yake pembeni, isiyohusika kabisa na pistoni. Kwa hiyo injini hii ikifa, mara nyingi haifi kwa uzee. Inakufa kwa kiu. Aidha mtu aliinyima oili, au kuna mahali inavuta hewa isiyoandikiwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, na joto linafanya kazi iliyobaki.

Hizi ndizo zilizokuwa pikipiki za mabwana shamba, mapadre, wauguzi wa chanjo na miradi ya maji, kwa hiyo usishangae ukikuta kadi inaonyesha iliwahi kuvaa namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, au za serikali. Hapo kuwa mkali. Pikipiki iliyotoka mnadani bila karatasi za mnada ni chuma chakavu chenye magurudumu. Soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, soma na ya injini, zilinganishe na kadi, halafu mwende TRA pamoja, wewe na muuzaji, kabla hela haijabadilisha mfuko. Zile herufi na tarakimu za mwanzo kabla ya kistari zinataja modeli. Ziandike mahali, utazihitaji kila ukienda kutafuta spea.

Ukipanga siku ya kwenda kuiona, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini amehangaika kuipasha. Pikipiki ya mipigo miwili iliyochoka huwaka vizuri ikiwa na joto na kukutukanisha asubuhi.

Kisha fanya jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi: fungua ekzosi pale inapoingia kwenye silinda. Dakika kumi zinatosha. Mulika kwa tochi kwenye tundu huku mwenzako anashusha kiki polepole kwa mkono. Utaiona pistoni ikipita mbele ya macho yako, jambo ambalo injini yenye vali haikuruhusu. Ukiona ubavu wake una mikwaruzo ya kusimama, mirefu, inayong'aa kama fedha, ujue iliwahi kukamata, yaani pistoni ilinasa ndani ya silinda. Si lazima uondoke. Bei ndiyo iondoke pale ilipokuwa.

Ukimaliza fungua kifuniko cha upande wa kushoto, shika sumaku ile inayozunguka, ijaribu juu na chini. Isicheze hata kidogo. Ikicheza, beringi za kranki zimeisha, na hiyo ni kazi ya kupasua injini nzima. Mimi siku hizi ningeinunua iliyokamata pistoni kuliko iliyokwisha kranki.

Angalia pia kama pampu ya oili bado ipo. Yamaha wanaiita Autolube, walianza kuifunga kwenye pikipiki zao miaka ya 1960: tangi lake dogo la oili, kipampu kinachoendeshwa na injini, na waya unaovutwa pamoja na mkono wa moto, yaani ekseleta. Nyingi utakuta imeng'olewa na mahali pake pamezibwa na kibati, mwenye nayo anachanganya oili kwenye petroli. Hiyo si dhambi. Dhambi ni kuuziwa na usiambiwe, ukajaza petroli tupu ukidhani pampu inafanya kazi. Na hesabu ziwe za chupa, si za macho: mililita 250 kwa lita 10 za petroli ni moja kwa arobaini. Kifuniko cha chupa ya soda hakina uwiano.

Halafu usidharau vitu vidogo. Pistoni, ringi na plagi zinapatikana. Tangi la oili la pembeni, vifuniko vya plastiki na mita nilizizungukia Kariakoo siku mbili mpaka wauza spea wakanizoea. Iliyokamilika lakini haiwaki ni rahisi kuliko inayowaka lakini nusu yake iko kwa jirani.

Sasa kosa langu. Niliinunua kwa milioni moja na laki mbili, ikiwa na mikwaruzo niliyoiona wazi. Nikajiona mjanja: bei nimeshusha, pistoni nitanunua. Nikapeleka silinda kuboa, yaani kupanua tundu lake, nikafunga pistoni ya saizi 50, yaani nusu milimita zaidi ya ile ya kiwandani. Ikawaka kwa kiki ya pili. Nikaizungusha mjini siku nne. Siku ya tano nikateremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, mkono wa moto nimefunga, injini inashikilia mwendo kwa gia. Chini kule, barabara iliponyooka na mimi nikafungua moto, tairi la nyuma likagoma ghafla. Nilivuta klachi kwa bahati tu. Lori lililokuwa nyuma yangu lilinipita likipiga honi ambayo naisikia mpaka leo.

Niliirudisha Iringa juu ya mizigo ya vitunguu. Safari hii sikuipeleka gereji ile ya kwanza, nikaenda kwa mzee mmoja aliyewahi kutunza pikipiki za misheni.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Kamwene. Marahaba. Pistoni hii ina umri gani?"

"Siku tano, mzee."

Akaigeuza geuza, akacheka taratibu. "Kijana wangu, ulimzika marehemu wa kwanza bila kuuliza amekufa na nini."

Alichofanya baadaye nakishauri kwa kila mtu. Alirudisha silinda, akaziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha akachomeka kipira cha kupimia presha ya damu mahali pa plagi na kujaza upepo mpaka sindano ikafika 300. Injini ikiwa nzima, sindano hutulia dakika kadhaa. Yangu ilishuka tukiitazama. Akapaka povu la sabuni kila kiungio, na nyuma ya sumaku, kwenye oili sili ya kushoto, ule mpira unaoziba pale kranki inapotokeza, mapovu yakaanza kuchemka.

Yule ndiye aliyekuwa muuaji, tangu pistoni ya kwanza. Oili sili ya kushoto ikipasuka, injini inavuta hewa pembeni: kiki inasumbua, mngurumo hautulii usipopiga moto, unapanda wenyewe na kushuka. Nilikuwa nimeziona dalili zote nikazitibu kwa kukoroga skrubu ya kabureta. Ya kulia ikipasuka, injini inakunywa oili ya gia. Moshi unakuwa mweupe, mzito, na oili ya gia inapungua bila kudondoka hata tone chini. Sili zote mbili kwa pamoja ni bei ndogo kuliko pistoni moja. Kung'oa sumaku tumia kifaa chake cha kuvutia. Ukigonga kwa nyundo unapinda kranki.

Na Kitonga ilichangia. Ukiteremka mlima mrefu moto umefungwa, injini inazunguka haraka lakini petroli na oili zinazoingia ni kidogo mno. Siku hizi kila baada ya muda navuta klachi na kupiga moto kidogo, niinyweshe. Vilevile Iringa mjini tuko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari. Pikipiki iliyosetiwa huku juu ikishuka kwenye hewa nzito ya bondeni mchanganyiko wake unakuwa mkavu. Iliyotoka Dar ikija huku ndiyo inayokohoa na kuchafua plagi. Kwa hiyo ukihama, badilisha kwanza jeti, kile kitundu kinachopima petroli kwenye kabureta, usilaumu plagi.

Kuhusu kuboa, chagua mtu aliyewahi kuzishika hizi. Silinda ya mipigo miwili ina madirisha ubavuni, na baada ya kuboa kingo zake zinabaki kali kama wembe. Lazima zisuguliwe zilainike, la sivyo ringi inanasa na kuvunjika. Mpelekee fundi pistoni mkononi, aboe kwa kuipima hiyo, aache nafasi ya kama milimita 0.04. Wakati wa kufunga, mshale ulio kichwani mwa pistoni uelekee ekzosi, ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake, na mdomo wa injini uwe umezibwa na kitambaa kabla hujagusa zile klipu za pini. Klipu ikidondoka ndani, siku imeisha.

Kama ulifungua mpira wa pampu ya oili, toa upepo kwenye skrubu yake mpaka oili itoke bila mapovu. Hata hivyo, tangi la kwanza changanya oili kwenye petroli juu ya ile ya pampu. Itatoa moshi, majirani watasema. Waache waseme.

Ekzosi yangu ilikuwa imejaa masizi magumu kiasi kwamba kijiti cha baiskeli hakikupenya. Tuliichoma kwa moto wa mkaa nje, upande unaokwenda upepo, kisha tukaigonga. Ilirudisha nguvu kuliko vyote nilivyonunua.

Mwenye lile banda la kuku alinipigia juzi. Anasema nyuma ya magunia ya pumba kuna nyingine, ya 175, na eti "iliwaka tu juzi". Sijamjibu. Nimenunua betri mpya za tochi.