Jibu: DS18B20 haionekani kwenye Raspberry Pi
Habari mkuu, nimekusoma, umeunga sensa ya joto ya DS18B20 kwenye Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo ya bodi moja), umeweka dtoverlay=w1-gpio (mstari wa mipangilio unaoiwezesha Pi kuongea na sensa hiyo), ila ukifungua /sys/bus/w1/devices unakuta folda zinazoanza na 00- tu na majina yanabadilika-badilika. Hiyo ilishanipotezea jioni nzima, kwa dalili hizo anza na rezista kabla hujagusa programu. Waya ya data lazima iwe na rezista ya 4.7k (ohm 4,700) kwenda 3.3V, bila hiyo laini inaelea na Pi inasoma takataka. Mimi niliiweka kabisa, kumbe mguu mmoja ulikuwa umeingia tundu la jirani kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia saketi), kwa juu huoni kitu mpaka nilipomulika na tochi.

Halafu angalia vizuri hapa, data inaenda GPIO4 (hilo ni jina la laini ya Pi, si namba ya pini), yaani pini ya 7 ukihesabu kwenye bodi, wengi wanachomeka pini ya 4 na hiyo ni 5V, unaweza kuua Pi yako!

Ikikaa sawa folda itaanza na 28-, ndani fungua w1_slave, ukiona t=23125 ni nyuzi 23.125. Ikigoma kwenye 85000 hiyo ni namba inayoamka nayo sensa kabla haijapima, kagua waya ya umeme.