Kozi ya bei chee, nani anailipia?

Maswali ya wasomaji kuhusu bahari. Anayejibu ni mkufunzi wa uzamiaji, Nungwi, Unguja.

*Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi benki hapa Dar na mwezi wa kwanza nina likizo ya wiki moja. Nimeulizia kozi ya kwanza ya kuzamia huko Nungwi na Kendwa. Wa kwanza kasema dola 540 kwa siku nne, wa pili 450 kwa siku tatu na nusu, wa tatu 290 kwa siku mbili na picha za bure juu. Wote wananihakikishia kadi ni ileile. Sasa kwa nini nilipe karibu mara mbili? — Msomaji wa Sinza*

Marahaba mwanangu. Kadi ni ileile, hapo hawakukudanganya. Iwe ya PADI au ya SSI, mashirika ya kimataifa yanayotoa kadi za uzamiaji, itakuruhusu kushuka na mwenzako hadi mita 18, na hakuna popote itakapoandikwa ulilipa ngapi wala ulikaa majini saa ngapi. Kwa hiyo skuli ikitaka kumvuta mteja, haina cha kumwonyesha zaidi ya bei.

Hebu tuhamie upande wa mwenye duka. Boti inakunywa mafuta yaleyale ukiwa umelipa 540 au 290. Nahodha anataka posho yake, kompresa ya kujazia mitungi ina gharama zake, kwenye kisiwa cha Mnemba kuna ada, na shirika la kimataifa linataka pesa yake ya masomo na kadi. Humo hamna pa kukata. Kilichobaki ni saa za mwalimu, idadi ya wanafunzi anaopewa kwa mkupuo mmoja, na matengenezo ya vifaa. Dola 250 zilizopungua zimetoka humo, hazikuanguka kutoka mbinguni.

Utaratibu wa PADI kwa kozi hii unataka vipindi vitano kwenye bwawa au ufuo uliotulia, kisha mizamio minne ya bahari wazi, isiyozidi mitatu kwa siku moja. Kwenye karatasi mtu anaweza kukubania hayo yote ndani ya siku mbili, hasa kama nadharia umeshaisoma kwenye simu nyumbani. Utaratibu haukutaja saa. Unachodai ni kwamba mwanafunzi afanye kila zoezi kwa utulivu na aweze kulirudia. Na anayeamua kwamba umetulia ni mwalimu, ambaye pengine ana kundi jingine linamsubiri saa nane mchana.

Chukua zoezi la kuvua miwani chini ya maji. Unaivua yote, chumvi inakupiga machoni na puani, unaendelea kuvuta hewa kwa mdomo tu. Kisha unaivaa tena, unaibana juu kwenye paji la uso kwa vidole na kupuliza kwa pua mpaka maji yatoke kwa chini. Wengi mara ya kwanza wanavuta maji puani, wanapaliwa, wanasimama. Kwenye kina cha kifua hilo si tatizo: kohoa, cheka, rudi. Mwalimu mwenye muda atakurudisha mpaka uchoke naye, kisha atakwambia uifanye ukiwa unaelea, magoti hayagusi mchanga. Asiye na muda atakupigisha magoti, utaifanya mara moja macho yamekutoka, atakupa ishara ya sawasawa, na hao mnakwenda zoezi jingine. Kwa mwalimu yeyote kati ya hao wawili, umefaulu. Utakuja kujua ulichokosa huko mita 16, mtu aliye mbele yako atakapokupiga pezi la uso na miwani ikajaa maji.

Jaribio jingine linalorukwa ni la kuogelea: mita 200 bila kifaa chochote, au 300 kwa miwani, mrija na mapezi, kisha kuelea dakika kumi. Ukisikia "si unajua kuogelea?" halafu ukapewa mtungi, ujue wameshaanza kukukata.

Haya si ya Unguja peke yake. Koh Tao, kisiwa kidogo cha Thailand kinachojulikana kwa kozi za bei nafuu, skuli zimebanana mpaka nyingine zinamtupia mwanafunzi na kitanda cha bure. Na sitaki kumsema vibaya kila aliyesomea huko. Mwalimu anayefundisha kila siku ya Mungu anapata mkono mwepesi ambao mimi wa msimu kwa msimu siupati. Wala bei kubwa si kinga. Kuna hoteli za nyota nyingi zinazoongeza faida yao juu ya kozi ileile, na dola zako zinaishia kwenye taulo nyeupe na juisi ya embe.

Kwa hiyo usiwaulize bei tena, umeshaijua. Waulize tutakuwa wangapi kwa mwalimu mmoja. Waulize nikishindwa zoezi siku ya pili, ya tatu mnanidai ngapi? Swali hilo la pili ndilo linalowatoa jasho. Skuli iliyoweka muda ndani ya bei yake itakwambia hudaiwi kitu, au itakutajia kiasi papo hapo. Nyingine itakwambia "usijali, kila mtu anafaulu". Basi, hapo shukuru, uondoke. Ukiniuliza mimi, ningeanza na yule wa 450, nimsikie anajibu nini.

*Habari za kazi mwalimu. Nimepata ukufunzi mwaka huu na nafanya kazi Diani. Silipwi mshahara, nalipwa kwa kila mwanafunzi anayepata kadi. Wakati wa kusi, maji yamechafuka, bosi alinipa wanafunzi wanane peke yangu akasema sheria inaruhusu. Nilikwenda. Je, nilikuwa na haki ya kukataa? — Mkufunzi mpya*

Salama ndugu yangu. Wanane ni kweli sheria inaruhusu, lakini hicho ndicho kikomo, na kanuni hiyohiyo inakutaka upunguze idadi kulingana na mawimbi, mkondo na uwezo wa kuona. Kama ukimfikia wa nne humwoni wa nane, unafundisha wanne, hao wengine wanajifundisha wenyewe. Haki ya kukataa unayo, na sahihi kwenye fomu ni yako. Mambo yakiharibika, bosi atakuwa ofisini na wewe ndiye utakayeulizwa.

Najua kukataa kunagharimu. Malipo ya kwa kichwa ni mtego, kwa sababu ukimwambia mtu "rudi kesho tufanye tena", umejikata mfuko mwenyewe. Usimwambie bosi "hapana" mbele ya wageni. Mfuate jioni, mwambie katika maji yale utachukua wanne, au sita akikupa daivmasta, yaani mzamiaji msaidizi, wa kukushikia nyuma. Omba pia posho ya siku hata kama ni ndogo, ili kumrudisha mwanafunzi majini kusikutie njaa. Na anza kuweka daftari lako: tarehe, idadi, hali ya bahari. Ukihama duka, na katika kazi hii utahama, daftari unaondoka nalo.

*Papasi wa ufukweni ananiambia atanipatia punguzo kubwa kuliko nikienda dukani mwenyewe. Nimwamini? — Mgeni wa Paje*

Punguzo lako na kamisheni yake vinatoka mfuko mmoja, na mfuko huo ni wa kozi yako. Nenda mwenyewe.

*Assalamu alaykum mwalimu. Kaka yangu anazamia majongoo bahari kwa mitungi hapa Pemba, hajasoma popote. Hiyo kozi ya dola 290 mnayoisema vibaya, kwake si afadhali kuliko kutosoma kabisa? — Msomaji wa Mkoani*

Waalaykumu salaam. Ni afadhali, tena sana. Lakini kaka yako hana haja ya kadi, kwa sababu hakuna mtu atakayeidai kule anakozamia. Amtafute mkufunzi tulivu wakati wa masika, ambapo wageni hakuna na boti zimepanda pwani, wakubaliane malipo ya siku kadhaa bila fomu ya shirika. Maduka mengi hayatakubali kwa ajili ya bima, ila mkufunzi anayemhurumia mwenziwe hakosekani. Afundishwe kusoma geji ya hewa na kuanza kupanda hewa ingali ya kutosha, kupanda taratibu bila kuzuia pumzi, kusimama mita tano kwa dakika tatu kabla ya kutoka, na kuhesabu mizamio ya siku nzima, kwa kuwa mzamio wa nne unabeba gesi iliyobaki mwilini tangu ule wa kwanza.

Na akitoka majini viungo vinamuuma au miguu ina ganzi, msimrudishe chini na mtungi mwingine "ili maumivu yaishe", kama ninavyosikia wanavyofanya. Mlazeni, mpeni oksijeni kama ipo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mwambieni daktari tangu mlangoni kwamba huyu alikuwa anazamia, alishuka kina gani na mara ngapi.